Shairi la Baba Redioni

Jioni ile redio ilikuwa na mambo matatu: muziki wa klasiki, uchambuzi wa filamu, kisha mashairi mawili. La pili lilikuwa langu. Nililiandika juu ya baba, aliyezikwa Wete sisi tukiwa hapa Kilburn, ughaibuni, na walinirekodi nikilisoma kwa Kiswahili. Nilitaka mama alisikie redioni, kwa sababu kumsomea uso kwa uso sikuweza.

Nilipanga kila kitu. Chai saa moja kamili, redio mezani, mama kitini. Muziki aliuvumilia. "Hizi fidla zinalilia nini?" aliuliza mara moja tu. Aliyetuharibia ni mchambuzi wa filamu. Alitumia dakika ishirini kueleza kwa nini filamu isiyo na kisa ni bora kuliko yenye kisa, na kabla hajamaliza simu ya mama ikalia. Mdogo wake, kutoka Pemba.

Kwetu salamu hazikatwi. Wakajuliana hali, wakaniulizia mimi, wakapita kwa wajukuu mmoja mmoja, wakafika kwa jirani anayeumwa mguu. Nikamwonyesha mama saa. Akaninyooshea kiganja: subiri. Wakiwa bado kwenye mguu wa jirani, sauti yangu ikaanza.

"Mama, ndilo hilo!"

"Hebu sikiliza, mwanao anasema redioni," mama akamwambia mdogo wake, akaisogeza simu kwenye redio. "Unamsikia?"

"Simsikii! Anasema nini?"

"Nitajuaje, nawe unapiga kelele?"

Beti zote nne zikaishia hapo. Fidla zikarudi.

"Kesho litakuwa kwenye intaneti," nilisema, nimekaza meno.

"Kesho ya nini? Mwenye shairi si huyu hapa?"

Nikachukua karatasi, nikausoma mshororo wa kwanza kama nilivyousoma studio, taratibu na bila madaha.

"Hilo shairi au tangazo la kifo?" mama akanikatiza. "Ghani, baba."

Kughani sijui. Vina na mizani nimejifunza peke yangu, vitabuni, kalamu mkononi, na hakuna kitabu kilichonipa sauti. Hata hivyo nikaughani ubeti mzima, huku nimekasirika. Simu, ambayo mama hakuwa ameikata, ikaangua kicheko.

"Mwanangu, sauti huna! Lakini hata baba yako hakuwa nayo."

Mama hakucheka. Aliizima redio.

"Rudia hapo ulipomtaja," aliniambia. "Na wewe huko, nyamaza."