Mwanamume Nyuma ya Pazia

Alhamdulillahi, binti yangu Zuhura ameolewa, na wakwe hawakubadili nia kwa sababu yangu mimi baba yake.

Siku ya maulidi, kabla ya harusi, hapa nyumbani Lizaboni, nilifunga mwenyewe redio kubwa ya Dubai aliyonitumia mwanangu: spika mbili mbele ya wageni wanaume, wakwe wakiwemo, na sanduku la besi, lile la sauti nzito, nyuma ya pazia, kwa akina mama. Fundi alisema besi inaweza kukaa popote, mradi kitufe cha kugawa sauti kizungushwe chini, ili maneno ya watu yabaki kwenye spika. Mimi nikakizungusha juu hadi mwisho, nikidhani nazidisha baraka.

Sheikh alipoanza kuzungumza kwenye maikrofoni, nikasikia mwanamume akinguruma kwa akina mama. Wakwe wakageuka kutazama pazia. Nikasimama.

"Wewe mwanamume uliyejificha huko, toka!"

Sheikh akanyamaza. Yule naye akanyamaza.

"Mmeona? Ameogopa," nikawaambia wakwe.

Mke wangu akafungua pazia. "Baba Zuhura, njoo umtoe mwenyewe. Ni sanduku lako hili."

Sheikh, akizuia kicheko, akakohoa kwenye maikrofoni. Sanduku nalo likakohoa.