Bromati ya Tata

Jina la Tata tulimpa sisi wenyewe kazini, kwa sababu ulimi wake haukuwa na D. Dawa kwake ilikuwa tawa, dirisha lilikuwa tirisha. Siku ya kwanza alisema, "Niiteni tata tu," akimaanisha dada, watu wakavunjika mbavu. Yeye naye akacheka. Basi, miaka kumi na tisa akayapima maji ya mji mzima kwa jina hilo.

Maneno yake mengine nitayaandika sawasawa, na D zake zote. Nimeshamcheka ya kutosha.

Maabara yake ilikuwa chini, chumba changu cha mitambo juu, na pampu katikati, kwa hiyo tulisemezana kwa simu ya ukutani. Alikuwa na meza ya vigae vyeupe, chupa zenye saa na tarehe, na kiti alichotundikia mkoba tu. Ukimuuliza habari za ozoni, gesi tuliyoulia vijidudu majini, umekwisha!

"Ozoni ikiingia majini inazaa radikali za hidroksili," angesema. "Hizo hazina adabu hata kidogo. Zinaishi kufumba na kufumbua, na zinamnyang'anya elektroni yeyote aliye jirani."

Jirani mwenyewe mara nyingi ni ioni za bromidi, zinazokuja na maji ya kisima chenye chumvi. Bromidi kidogo haina neno. Lakini ikishanyang'anywa, na ozoni ikimalizia kazi, inageuka hatua kwa hatua kuwa bromati, na hiyo ukiinywa miaka nenda miaka rudi inaweza kukuletea saratani. Haitoki kirahisi. Unapunguza ozoni mapema, ndiyo njia yenyewe.

Mwaka wa ukame tukafungua kisima kipya. Jumatatu simu ikalia, pampu zinanguruma.

"Bromati imepanda!"

"Bromidi, Tata," nikamwambia, nacheka. "Sema D."

"Bromati! Bromati!"

"Haya, haya, nimekusikia."

Nikaandika daftarini: bromidi imepanda. Kisima kipya, bromidi lazima ipande, sasa kuna ajabu gani? Ozoni nikaiacha palepale.

Alhamisi akapanda ngazi mwenyewe, chupa mkononi, anahema. Kipimo kilikuwa bado juu ya kikomo. Akalivuta daftari, akatafuta Jumatatu, akaweka kidole juu ya neno langu.

"Hili neno nimelisema mimi?"

Nikalisoma upya: bromidi.

"Mjukuu wangu anakunywa maji haya. Mwanao pia anakunywa. Nilikwambia mara tatu, wewe ukanisahihisha." Safari hii hakucheka.

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikapunguza ozoni mbele yake, nikampigia meneja, nikakiri kosa ni langu. Tangi likamwagwa. Jioni Tata akapiga simu: kipimo kiko chini ya kikomo. Kuhusu siku zile tatu, yeye mwenyewe ndiye aliyenituliza, akasema hazitamdhuru mtu. Hata hivyo usingizi sikuupata.

Asubuhi nikamwona mbele yangu getini, na mkoba wake begani.

"Shikamoo, dada," nikasema.

Akaendelea kutembea. Nikadhani amenikasirikia, na ni haki yake. Nikapaza sauti: "Dada!"

Akasimama, akanitazama, kisha akageuka huku na huku kumtafuta huyo ninayemwita.