Chumvi ya Paka wa Pili

Bi Zeyana hakuwa akimuuza paka, wala hakuwa akimtoa bure. Ukenda kwake Jang'ombe kutaka mtoto wa paka, atakwambia, "Niletee chumvi," nawe utafunga chumvi kidogo kwenye karatasi umpelekee mkononi. Ndivyo alivyomkuta mama yake akifanya. Alisema mtu aliyekuja na chumvi kwa miguu yake mwenyewe hawezi kusema baadaye kwamba alibebeshwa paka.

Paka wa kwanza kuingia nyumbani kwa Wanu, jirani yake wa mlango wa pili, hakutolewa chumvi. Ilikuwa wiki ya msiba, na kwenye msiba mtu hadaiwi chumvi. Bi Zeyana alikuja na kikapu cha ukili, akapita ukumbini bila ya maneno mengi, akaingia chumba alicholala Tahiya. Akamweka yule mtoto wa paka wa kijivu juu ya kanga, karibu na mkono wa Tahiya, akatoka.

Tahiya ni binti wa Wanu. Aliolewa Matemwe na fundi seremala anayeitwa Ubwa. Aliposhika mimba yake ya kwanza, walikubaliana kwamba mwezi wa mwisho atakuja mjini kwa mama yake, ajifungue hapa na akae arubaini yake hapa. Uchungu haukungoja. Ulimkamata Matemwe, mapema kabisa, Ubwa akatafuta gari, na walipofika hospitali mtoto alizaliwa, akalia mara moja, akanyamaza. Walimpa jina Sumaiya, wakamzika siku ile ile. Daktari alisema mtoto alikuwa hajafika wakati wake, na hata kama wangekuwa wanakaa mlangoni pa hospitali huenda yasingebadilika. Wanu aliyasikia hayo, akasema ni amri ya Mungu. Lakini kifuani mwake aliendelea kuipima njia ya kutoka Matemwe mpaka mjini, na kila akiipima ilizidi urefu.

Basi akamlea mwanawe. Mzazi ni mzazi, hata kama hana wa kumnyonyesha. Kila alfajiri alimpikia uji wa pilipili manga, akamkanda kwa maji ya moto, akamfunga mkaja tumboni, ile nguo ndefu wanayofungwa wazazi ili mwili urudi mahali pake. Kisha alikwenda Mji Mkongwe, kwenye nyumba ya wageni anakopiga pasi mashuka, na mchana kutwa moyo wake ulikuwa Jang'ombe. Akirudi, kabla ya kuvua buibui, aliingia chumbani kutazama kama mwanawe anapumua. Tangu Tahiya mchanga alikuwa akifanya hivyo, akimwekea kiganja karibu na pua. Wengine walimcheka. Mumewe alimcheka mpaka alipofariki.

Maziwa yalipoingia na hapakuwa na mtoto wa kuyanywa, Tahiya aligeukia ukutani akawa hasemi. Siku moja Wanu alimkuta yule mtoto wa paka amepanda kifuani pa mwanawe, anakandakanda kanga kwa vikono vyake kama wafanyavyo paka wakitafuta ziwa la mama yao. Wanu alishtuka, akanyoosha mkono amtoe. Akaona mkono wa Tahiya umemfunika paka mgongoni. Akarudi nyuma mpaka mlangoni, akasimama pale na kanga yake mdomoni.

"We, kucha zako," Tahiya alimwambia paka.

Hilo lilikuwa neno lake la kwanza tangu maziko.

Wiki zikenda. Tahiya akaanza kula, akaanza kukaa barazani baada ya alasiri. Paka akakua, akajifunza kulala ndani ya ungo na kupanda mapazia. Ubwa alikuja kila Ijumaa na pweza kwenye mfuko, akasali, akakaa na mkewe. Wanu alikuwa jikoni anakuna nazi, na kila sauti zao ziliposhuka, mbuzi yake ya nazi nayo ilinyamaza.

Ijumaa moja, Ubwa alipokwisha kuondoka, Tahiya alisema, "Mama, mchukue na yule mwingine kwa Bi Zeyana. Yule dada yake huyu."

"Wa nini? Huyu mmoja keshamaliza mapazia."

"Huyu ntakwenda naye Matemwe. Yule atabaki na wewe."

Wanu aliweka kifuu chini. "Nani kakwambia unakwenda Matemwe?"

"Nna mume, Mama."

"Mume anaijua njia ya hapa. Si anakuja?"

Tahiya alimpapasa paka shingoni. "Siondoki bila ya radhi yako. Ushanilea kiasi hiki, siwezi kukuacha na nyumba tupu na moyo mzito. Ukimchukua yule wa pili, ntajua umeniridhia. Usipomchukua, ntakaa."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja bei ya samaki, na hilo ndilo lililomtisha Wanu. Maana alijua sasa kwamba neno lote liko kinywani mwake. Akikataa paka tu, mwanawe yuko hapa, mwendo mfupi na hospitali, pumzi zake anazisikia. Hakuhitaji kugombana na mtu. Alihitaji kukataa paka.

Akamkataa. Alimkataa kwa Tahiya, kisha akaenda kumkataa kwa Bi Zeyana, aliyekuwa mlangoni kwake anachambua mchele.

"Paka wawili ntawafanya nini, Zeyana? Mmoja mwizi, wawili genge."

"Na weye una kitu gani cha kuibiwa?"

Wakacheka kidogo. Wanu akakaa juu ya kibao. "Mmoja ni dhamana, wawili dhamana mbili. Unamjua yule mwanamke aliyemfungia paka mpaka akafa kwa njaa. Tumesoma chuoni kwamba malipo yake ni Moto."

"Yule alimfungia asile. Weye paka wako anakula ukoko wa wali wa nazi kuliko mimi. Usijifiche nyuma ya hadithi, Bi Wanu." Bi Zeyana alipuliza pumba. "Yule mdogo analia tangu mwenziwe aondoke. Na Fathiya wa Mwanakwerekwe anamtaka, panya wanamlia unga dukani. N'shamwambia aje Ijumaa."

"Mpe."

"Nimpe?"

"Mpe, nimesema."

Bi Zeyana aliacha kuchambua. "Na arubaini je? Asubuhi nilipita dirishani, nikaona bado unamfunga mkaja. Wenzio tulihesabu ikaisha wiki iliyopita. Au weye una kalenda yako?"

"Mzazi aliyefiwa huongezewa."

"Kasema nani?"

Wanu aliinuka, akakung'uta buibui ambalo halikuwa na kitu.

Siku zile alipiga pasi vibaya. Shuka moja aliliunguza, akalikunja upande ulioungua ndani, kisha akalikunjua tena akenda kulionesha mwenyewe. Njiani alijiambia kwamba hakuna alichokifanya. Hajamkataza mtu kwenda kwa mumewe. Kakataa paka, na nyumba ni yake.

Alhamisi alfajiri alimkanda Tahiya kama kawaida, akauchukua mkaja. Tahiya alisimama katikati ya chumba, mikono ameinyanyua, kama mtoto anayevishwa nguo ya Sikukuu. Wanu alianza kuzungusha. Mkaja ambao zamani ncha zake zilikutana kwa taabu, sasa ulizunguka, ukazunguka tena, na bado mkononi kulibaki kipande kirefu. Alibonyeza kwa vidole. Tumbo lilikuwa limerudi, gumu, la msichana. Hapakuwa na kitu cha kufunga.

Alitazama juu. Tahiya alikuwa amefumba macho, anangoja.

"Nakubana?"

"Kaza tu, Mama, ukitaka."

Mikono ya Wanu ilisimama. Kumbe mwanawe alikuwa akijua. Alikuwa anahesabu siku zake kimya kimya, na kila alfajiri bado alinyanyua mikono, amwachie mama yake kazi ya kufanya. Alikuwa ameshapona, naye anamuuguza mama yake.

Wanu aliufungua mkaja, mzunguko kwa mzunguko. Aliukunja, akauweka juu ya kitanda. Paka alikuja akaunusa, akaenda zake.

Jikoni alishusha kopo la chumvi. Aliliinamisha, ikamwagika nyingi kuliko alivyotaka, akaifunga hivyo hivyo kwenye karatasi ya sembe. Akatoka bila ya kubadili kanga. Ilikuwa hatua chache tu, nazo zilimchosha kuliko njia ya kazini.

Bi Zeyana alifungua karatasi. "Hii chumvi ya kupikia harusi."

"Ipokee tu."

"Na Fathiya nimwambie nini kesho?"

"Mwambie atege mtego." Kisha Wanu akashika mlango. "Zeyana. Akienda, na yakamkuta tena yale?"

Bi Zeyana aliifunga tena ile karatasi ya chumvi. "Sijui, mwenzangu," alisema. "Mimi sijui." Akaingia ndani, akarudi na yule paka wa pili, mdogo kuliko dada yake, sikio moja jeusi, anayelia kwa sauti kubwa kuliko mwili wake.

Tahiya alimwona mama yake akiingia na paka kifuani. Alimshika mama yake mkono wa kulia, akaubusu, akauweka usoni pake kwa muda mrefu.

Ijumaa Ubwa alikuja na kisanduku alichokitengeneza kwa vipande vya mbao, kina matundu ubavuni. Wanu alipitisha vidole ndani, pembe zote, akitafuta msumari uliotokeza. Hakuuona.

"Mimba nyingine ikija," alimwambia mkwewe, "ikifika mwezi wa sita yuko kwangu."

"Ntamleta, mama, inshaallah."

"Sikusema utamleta. Nimesema yuko kwangu."

"Naam, mama."

Walipoondoka, aliufua mkaja, akauanika, ulipokauka akauweka ndani ya sanduku, juu kabisa, mahali pa kufikika. Paka wa pili alikuwa chini ya kitanda tangu asubuhi. Kichwa cha samaki alichowekewa kilikuwa bado mlangoni.

Simu ililia kabla ya magharibi.

"Tushafika, Mama. Wako kala?"

"Hajala. Analia. Wako?"

"Naye analia. Anamtafuta mwenziwe chumba kizima."

Wanu alikaa sakafuni, simu sikioni, akasikiliza. Kwa mbali, ndani ya simu, alimsikia paka wa kijivu. Karibu zaidi, baina ya kilio na kilio, alisikia pumzi za mwanawe, zinaingia, zinatoka.

"Usikate kwanza," alisema. Akainama, akauingiza mkono wake chini ya kitanda, kiganja juu, akangoja.