Baruti Tuliyoizika Karibu na Ruvuma

Niliondoka Dar es Salaam kwa sababu mkuu wangu wa kazi alitaka kujua mtambo wetu wa mitetemo utatofautishaje tetemeko la ardhi na baruti iliyolipuliwa chini ya udongo. Alinipa baruti ya mlipuko mmoja tu. "Ukiharibu, unarudi stoo," alisema. Stoo nilikuwa nimeshapanga koleo miaka mingi, na sikutaka kuiona tena.

Mtwara nilishuka melini, nikalala Magomeni ya hukohuko kwa shemeji yangu. Asubuhi Landrova ikanipeleka kusini kwenye mikorosho, hadi kijiji kilicho karibu na mlango wa Ruvuma. Mwenyekiti, Mzee Chilumba, na mkewe Bi. Somoe walinipokea vizuri mno. Vijana wakachimba shimo, tukashindilia baruti, tukafukia. Nilipojaribu mtambo, kalamu yake ikacheza kama imepandwa na wazimu.

"Hiyo michi," alisema Bi. Somoe. "Watu wanatwanga makopa ya muhogo."

Niliomba kesho yake pasitwangwe mpaka nilipue. Mzee Chilumba alikuna kichwa. "Kijiji kisitwange? Haya, mwanangu. Wewe mgeni wetu."

Asubuhi kukawa kimya. Kalamu ilichora mstari ulionyooka, nikafurahi ajabu. Nilikuwa naunganisha waya nilipoona watu wa vijiji jirani wakitokea kwenye mikorosho: wanawake wamejitanda kanga, vikapu vya unga kichwani, wanaume na majembe begani.

"Poleni, Mwenyekiti. Tangu alfajiri hatujasikia michi yenu. Kafa nani?"

"Hajafa mtu."

Wakaliona shimo lililofukiwa. "Na mmeshazika! Bila kutungoja!" Vilio vikaanza.

Baruti haiachwi ardhini watu wamejaa hivyo. Tuliwasogeza mbali, nao wakaenda kukaa palepale nilipofukia vipokezi vya mtambo, vile vinavyosikiliza ardhi. Nikalipua. Ardhi ikatikisika, na hakuna aliyeshtuka.

"Mreno anatupa mabomu makubwa kuliko hilo, ng'ambo ya mto," alisema bibi mmoja, akaendelea kulia.

Unga wa msiba haurudishwi nyumbani, kwa hiyo ugali ukasongwa. Kwa kuwa nilikuwa na uso wa huzuni kuliko wote, walinipanga mimi kuwa mfiwa. Wakapita mmoja mmoja kunishika mkono.

"Pole, mwanangu. Marehemu alikuwa nani wako?"

"Kazi yangu," nilijibu, na machozi yakanitoka kweli.

Dar es Salaam, mkuu alitandaza karatasi ya mtambo mezani. "Mlipuko uko wapi?"

Nikagusa mahali nilipodhani.

"Na haya mengine yote?"

"Watu waliokuja kunipa pole."

Kuhusu mitetemo nilijifunza kidogo sana. Nilirudi stoo siku ileile. Ofisi nzima ilijua, na hakuna hata mmoja aliyepita kunishika mkono.