Usingizi wa Igowole

Atuganile aliwavumilia watoto wake siku za mwanzo, maana shule ndiyo kwanza ilikuwa imefunguliwa na baridi ya Mbeya mwezi wa saba haina masihara. Alhamisi uvumilivu ukamwishia. Alimkuta Mika, wa darasa la kwanza, ameketi kitandani na soksi moja, kiatu kakikumbatia, anakoroma. Dada yake Joyness alikuwa amesimama kando ya ndoo, mswaki mdomoni, macho kafumba.

"Joyness, unapiga mswaki au unaota?"

"Napiga, Mama," akajibu bila kufumbua macho.

Likizo nzima walikuwa Igowole kwa bibi mzaa baba. Huko kila jioni walizunguka moto na binamu zao, wakichoma viazi na kupiga hadithi mpaka kuni ziishe, kisha wakalala hadi jua liingie dirishani. "Mtoto wa likizo aachwe," Bibi alimwambia Atuganile kwenye simu. Rahisi kusema, kwa mtu asiyengojwa na kengele ya shule.

Tangu warudi, Atuganile alikuwa amejaribu kila alichokijua. Alizima televisheni mara baada ya chakula. Simu aliificha kwenye gunia la mchele. Saa mbili aliwalaza, akazima taa, nao wakabaki gizani wakinong'ona na kuchekeana. Asubuhi ikawa ni kuvutana mablanketi.

Mchana wa Alhamisi hiyo, Mwalimu Esnath akampigia. Mika alikuwa amelalia dawati hadi darasa likamcheka. "Mama Joyness, huyu mtoto nyumbani analala saa ngapi?"

"Tunajitahidi, mwalimu," akasema Atuganile, uso ukimwaka kwa aibu.

Akafunga biashara yake ya mchele mapema, akarudi nyumbani. Watoto wote wawili walikuwa wamelala fofofo kwenye kochi, wamefunikwa koti la baba yao. Uani, mumewe Eliezeri, fundi seremala, alikuwa akipiga randa kwa raha zake.

"Baba Joyness, hawa wamelala tangu saa ngapi?"

"Tangu watoke shule. Wamechoka, nikawaacha wapumzike."

"Kila siku?"

Eliezeri akapuliza maranda kwenye ubao. "Wakiwa macho wananichezea misumari. Juzi Mika kanifichia tepu. Wakilala ndio napata kufanya kazi."

Atuganile akakaa juu ya mbao. Wiki nzima alikuwa anamlaumu mama mkwe, televisheni na baridi. "Mchana unawalaza wewe, usiku nahangaika nao mimi," akasema. "Chagua. Ama wasilale mchana, ama kuanzia kesho unawaamsha wewe, na Mwalimu Esnath unamjibu wewe."

Eliezeri akachagua kuwaamsha, akidhani ni jambo dogo. Kesho yake Mika alirudi kitandani kila alipotolewa. Viatu alivalishwa kushoto kulia, Joyness akalia, uji ukapoa. Walipotoka getini, baba mtu alikuwa kavaa sweta ndani nje.

Mchana huo watoto walipolielekea kochi, aliwaita uani. Joyness akapewa ufagio wa kuzoa maranda, Mika akapewa misumari aipange kwenye makopo. Mika alilia machozi ya usingizi, lakini baba yake hakulegea. Jioni Mika alisinzia na tonge mkononi, na saa mbili ilipofika hakukuwa na mnong'ono.

Haikukaa sawa mara moja. Jumatatu walichelewa tena, Jumanne Joyness akagoma kuoga. Ila mwisho wa wiki hiyo ya pili walikuwa wanaamka kwa kuitwa tu.

Ikaja Jumapili, siku pekee ambayo Atuganile hakuwa na haraka. Nje bado giza, akasikia pumzi sikioni.

"Mama, tumeamka wenyewe," akasema Mika. "Tuna njaa."

Atuganile hakufumbua macho. Alimsukuma mumewe kwa kiwiko. "Baba Joyness, watoto wako wameamka."

Kisha akajivutia blanketi lote, akageukia ukutani.