Chupa Nilizobeba Mugongoni

Mukicheka sitakasirika. Mujukuu wangu Neema anasoma mu université hapa Bukavu, aliniita nimuone akionyesha kazi yake mbele ya maprofesa.

Nikafika mapema. Inje ya salle ya kuonyeshea kazi iko pipa za rangi mbalimbali, na moja imejaa chupa za plastiki, safi kabisa. Nikasema, hawa batoto wanatupa mali ambayo wauzaji wa soko kwetu wanatafuta. Hii ni ya mafuta ya Mama Nabintu. Hii, Papa Cirhuza atatia kasiksi yake, pombe ya ndizi. Hizi za Mama Zawadi wa Cimpunda, za maziwa. Nikazifunga mu kitenge, nikazibeba mugongoni, nikaingia.

Mwanafunzi mumoja akanipisha kiti. "Ikala, Koko. Mutoto amelala?"

"Amelala," nikajibu.

Wakaingiza ile pipa ya chupa. Neema akaifungua: hakuna kitu. "Asubui nilijaza chupa za kazi yangu humu," akasema, karibu kulia.

Profesa akatikisa kichwa. "Bila chupa, nitakupa points za nini?"

Hapo ndipo nikaelewa. Nikajikunja nijifiche, nikaegemea kiti, na plastiki ikalia kraa.

Salle yote ikageuka.

"Koko," Neema akasema, "huyo mutoto ni wa nani?"