Sindano ya Dakta Saruni

Pikipiki ilimshusha Anneth pale njia ya magari ilipokoma, juu ya Ngaramtoni, na dereva akageuza akisema atarudi saa kumi. Mbele kulikuwa na njia za mbuzi tu. Anneth alikuwa nesi mgeni kwenye zahanati, miezi miwili kazini, mtoto wa Machame ambaye hakuujua mlima huu wa Meru. Aliuliza mara tatu ndipo akaonyeshwa boma la mzee Saruni.

Alimkuta peke yake. Namelok, mkewe, alifariki miaka minne iliyopita, tumbo limejaa maji. Watoto wako Dar.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umepotea, au kuna msiba? Kwangu hawaji wengine."

Anneth alicheka, kisha akatoa majibu ya damu aliyopimwa mzee kule zahanati. Vimeng'enya vya ini vilikuwa vimepanda mara tatu ya kawaida, maana yake ini lilikuwa likiumia. Vipimo vilivyofuata vilionyesha chanzo: homa ya ini aina ya C. Ina dawa, aliwahi kumwambia. Ila hupita kwenye damu, kwa hiyo ilimbidi aulize.

"Uliwahi kuongezewa damu? Kuchangia wembe?"

"Mwanangu, rika langu zima tulitahiriwa kwa kisu kimoja. Andika, tuone kama karatasi itatosha."

"Na sindano?"

Kwa miaka ishirini, zahanati ilipokuwa bado mbali, mzee ndiye aliyedunga penisilini: ndama asubuhi, watoto wa majirani mchana. Walimwita Dakta, na mpaka leo wanaopita njiani humsalimu kwa jina hilo. Hakuna kingine wanachomwambia. Sindano aliichemsha kila alfajiri, mara moja.

"Watoto walilia," alisema. "Basi nilijichoma kwanza mimi, hapa pajani, waone haiumi. Ndipo nikawachoma."

"Sindano ileile?"

"Ileile. Na Namelok pia, kila alipopata homa."

"Hatuwezi kujua nani alimwambukiza nani, mzee. Lakini wote uliowadunga wapimwe. Nitawaita mimi, bila kukutaja."

"Wewe? Wataona Mchaga kaja na karatasi, watakuitikia vizuri, kisha watarudi kukamua. Wakisikia kwangu watakuja."

"Watakuchukia."

"Ndiyo. Lakini watakuja."

"Ni maboma mangapi?"

"Yote unayoyaona ukisimama hapa."

Aliinuka, akarekebisha shuka begani, akavaa kofia, akachukua fimbo. "Naanza kwa Loishiye. Yeye alikuwa halii. Nikamchoma mara nyingi zaidi." Akaelekeza fimbo kwa mbuzi wake. "Huyo mwenye kengele akienda kwenye mahindi, mrushie jiwe. Usimpige, mrushie karibu tu."

Akashuka korongoni, akapanda ng'ambo ya pili polepole, akipumzika mara mbili. Kutoka juu Anneth alimwona amefika langoni kwa Loishiye. Hakuingia. Alisimama nje, kofia mkononi, akingoja mtu atoke.